Pipa la Bugarika

Koki ilianza kudondosha machozi mwezi wa tano.
Kufikia Sabasaba pipa linavuja ubavuni,
moto unazimwazimwa na maji yaleyale unayoyachemsha.
Lugembe alilichomelea mwaka tuliohamia mlimani,
pipa la lami, akaliegemeza kwenye jiwe
kubwa kuliko nyumba
(nyumba yenyewe imekopa ukuta mmoja kwa jiwe hilo).
Juu maji, chini kuni, bomba likaingia bafuni.
Watu saba tukaoga maji ya moto kabla ya shule,
majirani wakatuita wazungu.

Sasa Lugembe yuko Kwimba, kwenye udongo wa kwao,
nimebaki na pipa, kutu kwa kutu.

Nikawauliza watoto kwa simu. Kosa langu.
Malimi, yuko Dodoma: weka sola juu ya bati, Mama,
jua ni bure. Milioni mbili na ushee.
Jua ni bure, sawa; kamba ya kulikamatia ndiyo inauzwa.
Sundi: hita ya umeme, unabonyeza tu.
Hajui LUKU inavyokata ukishajipaka sabuni.
Holo akasema gesi, kisha akasema subiri mwisho wa mwezi.
Mwezi hakuutaja.
Kila mwamba ngozi huvutia kwake,
na ngozi yenyewe ni mimi.

Nikashuka hadi Mtaa wa Rufiji, nikapapasa matangi meupe
yanayong'aa kama meno ya kununua.
Nikarudi na karatasi tatu za bei,
nikazibandika ukutani kwa uji wa sembe.
Bibi Ng'walu, mama yake Lugembe, hajui kusoma.
Alizitazama akauliza:
"Lipi linakula kuni?"
Hakuna, nikamwambia.
Akarudi chumbani kwake bila neno.

Jumamosi akaja fundi Magesa,
futi kiunoni, penseli sikioni.
Akapima paa, akapima bomba, akaligonga pipa
likaitika kama mgonjwa wa kifua.
Kisha swali la kawaida, la kikazi:
"Mama, mko wangapi humu?"

Nilifungua mdomo niseme saba.
Mdomo una mazoea yake.
Nikaufunga, nikahesabu ndoo badala ya watu:
moja ya Bibi, alfajiri, ya kukandia magoti,
nusu yangu jioni, nikirudi na harufu ya dagaa.
Pipa la lita mia mbili!
Mwaka wa nne huu nawachemshia maji
watoto wasiokuwepo,
asubuhi nayamwagia mchicha.

"Ngoja nikuletee kigoda," nikamwambia fundi,
nikaingia kwa Bibi kukichukua.
Alikuwa ameketi kitandani,
mgongo umebandikwa kwenye ukuta wa jiwe,
macho kayafumba, paka kajikunja kando yake.
Nimemwona hivyo miaka yote.
Nilidhani anasali.

Nikaweka kiganja ukutani.
Uvuguvugu.
Saa nane mchana, nje kipupwe kinatoka ziwani
kinatikisa kioo cha dirisha,
na kuni nilizochochea alfajiri
bado zimo ndani ya jiwe, zinapumua polepole
kwenye mgongo wa mwanamke wa miaka themanini na kitu.
Hilo halikuwa kwenye karatasi hata moja.

Nikatoka bila kigoda.
"Likate pipa katikati," nikasema.
"Libaki nusu. Ziba ubavu, badilisha koki,
na tanuri ulisogeze mpaka ligusane na jiwe."
Magesa akacheka. Hiyo si kazi, Mama, hicho ni kiraka,
hela yake hata chapati hainunui.
Lakini alikwisha kulamba ncha ya penseli.
"Haya, niandike watu wangapi?"

"Wawili," nikasema.
"Na jiwe."

Akanitazama. Akalitazama jiwe.
Akaandika tatu.